Balozi wa Nyumba Kumi na Balozi wa Nchi

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu mstaafu wa elimu ya watu wazima mbele ya wanakisomo waliohitimu.)



Wiki iliyopita tulikuwa tukisoma gazeti pamoja. Tukafika mahali palipoandikwa kwamba Rais amepokea hati za utambulisho za balozi kutoka nchi za nje. Mzee mmoja akavua miwani yake, akauliza, "Mwalimu, huyo balozi ana nyumba ngapi? Maana balozi wangu mimi ana nyumba kumi."

Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, maana swali lile si la kijinga. Neno ni moja, "balozi". Nikamwambia mzee, "Nipe wiki moja nijiandae." Basi leo nimekuja kulipa deni.

Balozi wa nyumba kumi mnamjua. Tangu siku za TANU kazi yake imekuwa ni kuyachukua maneno ya nyumba zake na kuyapeleka juu, kisha kuyaleta chini maneno ya huko juu. Balozi wa nchi naye ni mchukuzi wa maneno. Tofauti ni kwamba balozi wa nyumba kumi hulala nyumbani kwake, katikati ya watu wake. Balozi wa nchi analala ugenini, kwa watu aliotumwa kwao.

Kwa hiyo huyu wa nchi anafanana zaidi na mshenga. Kijana akitaka kuoa haendi mwenyewe kwa wakwe. Hutuma mtu mzima mwenye adabu na kauli nzuri. Mshenga hasemi ya kwake, husema ya aliyemtuma. Akitukanwa yeye, ametukanwa aliyemtuma. Na akiharibu maneno njiani, posa imeharibika, hata kama kijana na binti wanapendana.

Wazee wetu walisema zamani kwamba mjumbe hauawi. Neno hilo leo ni sheria ya dunia. Mwaka 1961 mataifa yalikutana katika mji wa Vienna, yakaandika mkataba juu ya mabalozi. Unasema balozi hakamatwi wala hashitakiwi katika nchi aliyotumwa. Nyumba ya ubalozi haiingiwi na askari bila ruhusa ya mwenyewe. Je, mkichoka naye mfanyeje? Mkataba unatoa njia: mwambieni aondoke. Hampaswi hata kueleza sababu. Likumbukeni jambo hili, tutalirudia mbele.

Sasa, habari za mabalozi ni nyingi kama mchanga. Nikisema niwaelezee nchi zote tutakesha hapa. Nimechagua uhusiano wetu sisi na Marekani, kwa sababu ni wa zamani sana, na ndani yake mna urafiki, mna ugomvi, na mna neno moja lililosikika vibaya katika simu.

NGUO ILIYOITWA MAREKANI

Bibi yangu hakujua kusoma, wala bahari hakuiona mpaka anakufa. Lakini neno "marekani" alilijua. Kwake yeye marekani ilikuwa nguo: shuka ya pamba, nyeupe, nzito, isiyotiwa rangi. Ndiyo waliyojifunga wazee wake. Kwamba ipo nchi yenye jina hilo, hilo alilisikia uzeeni.

Nguo ile iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka kweli Marekani. Ilifumwa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts. Merikebu za bandari ndogo iitwayo Salem ziliizunguka Afrika yote kwa kusini mpaka zikafika Unguja. Kutoka Unguja wapagazi waliibeba kichwani mpaka Tabora na Ujiji na mbele yake. Merikebu zilirudi na pembe za ndovu, karafuu, ngozi, na sandarusi, yaani ule utomvu mgumu wa miti uliotengenezewa vanishi.

Mwishoni mwa miaka ya 1820 alifika Unguja mfanyabiashara mmoja Mmarekani, jina lake Edmund Roberts. Aliona wenzake wanasumbuliwa katika ushuru na bei. Akaonana na mtawala, Sayyid Said, aliyekuwa akitawala Oman pamoja na Unguja. Wakaelewana. Sayyid Said naye alikuwa na haja zake: alitaka biashara ikue bandarini kwake, na alitaka silaha, kwa kuwa alikuwa katika vita na Wamazrui wa Mombasa.

Roberts alirudi kwao. Rais wa Marekani wakati huo alikuwa Andrew Jackson. Akamtuma Roberts arudi, safari hii si kwa biashara yake bali kwa neno la nchi. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, mkataba ukatiwa sahihi. Huo ndio mwanzo wa jambo letu.

Mkataba ulisema nini? Wamarekani watafanya biashara kwa uhuru katika bandari za Sayyid Said. Watalipa ushuru wa asilimia tano kwa bidhaa wanazoshusha, basi. Bunduki na baruti, wakizileta Unguja, wasiuze kwa mtu yeyote isipokuwa serikali. Na Marekani itaweza kuweka mjumbe wake wa kudumu. Kilikuwapo pia kifungu ambacho mimi hukipenda: merikebu ya Kimarekani ikivunjika pwani, mabaharia watakaookoka watatunzwa kwa gharama ya Sayyid Said mpaka warudi kwao. Huo ulikuwa mkataba wa wafanyabiashara, lakini ukarimu wa kumpokea mgeni aliyepatwa na mkasa uliingia humo ndani.

Hapa nataka kusema neno langu. Katika mkataba ule wote hakuna mahali alipoulizwa mpagazi aliyebeba pembe, wala mtumwa aliyechuma karafuu mashambani. Pembe zilikuwa za bara, mabega yalikuwa ya watu wa bara, na mashamba ya Unguja yalilimwa na watumwa. Walioongea walikuwa watawala na matajiri. Tunaposoma historia ya mabalozi tuwe tunajiuliza kila mara: huyu anasema kwa niaba ya nani?

Mwaka 1837 Marekani ilimleta Unguja mjumbe wake wa kwanza wa kukaa, Richard Waters wa Salem. Hakuwa balozi kamili. Alikuwa konseli, au tuseme balozi mdogo. Balozi mkubwa hukaa mji mkuu, akasema na mkuu wa nchi juu ya mambo ya serikali mbili. Balozi mdogo hushughulikia biashara, merikebu, na watu wa nchi yake waliopata shida. Waingereza waliweka wa kwao mwaka 1841, na Wafaransa mwaka 1844. Marekani iliwatangulia wote.

Huyo Waters, ndugu zangu, alikuwa konseli na papo hapo alikuwa mfanyabiashara. Alikaa mpaka mwaka 1844, na alipatana vizuri sana na tajiri wa Kihindi aliyesimamia ushuru wa Unguja. Wafanyabiashara wengine, hata Wamarekani wenzake, walilalamika kwamba anajipendelea. Ni sawa na katibu wa ghala kuwa ndiye mnunuzi wa mazao. Mnajua wenyewe yanayotokea.

JAHAZI LILILOKWENDA NEW YORK

Msidhani wajumbe walitoka kwao tu kuja kwetu. Mwaka 1840 Sayyid Said naye alituma wake. Chombo kiliitwa Sultana, na kilijengwa Bombay. Mjumbe aliitwa Ahmad bin Na'aman, mwandishi wa Sayyid Said. Waliondoka Unguja mwezi wa Februari, wakapita Rasi ya Tumaini Jema, wakafika New York tarehe 30 Aprili. Ndani walipakia tende, kahawa, karafuu, pembe, ngozi na sandarusi.

Watu wa New York walifurika bandarini. Hawakuwa wamepata kuona mjumbe kutoka nchi ya Waarabu, wala mabaharia wa namna ile. Mji ulimkaribisha vizuri sana Ahmad bin Na'aman. Mchoraji akamchora picha akiwa na kilemba chake, na picha hiyo ipo mpaka leo. Chombo kilikuwa kimechakaa kwa safari, basi serikali ya Marekani ikaamuru kikarabatiwe na jeshi la maji bila malipo.

Lakini zawadi zilileta kazi. Sayyid Said alimpelekea Rais wa Marekani, wakati huo Martin Van Buren, farasi wawili wa Kiarabu, lulu, marashi ya waridi, zulia la hariri na upanga wenye dhahabu. Kwetu sisi, mgeni akikuletea kitu, unapokea kwa mikono miwili. Kwao Rais alijibu kwa adabu kwamba hawezi kupokea. Kwa nini? Katiba yao inakataza mtumishi wa serikali kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila kibali cha bunge lao. Waliogopa rushwa ivae nguo ya zawadi.

Sasa fikirini. Kukataa kabisa ni kumtukana Sayyid Said. Kupokea ni kuvunja katiba. Wafanyeje? Jambo lilipelekwa bungeni. Bunge likakubali zawadi zipokewe, ila ziwe mali ya serikali, zisiwe za Rais mwenyewe. Farasi wakauzwa kwa mnada, fedha zikaingia katika hazina. Na Marekani nayo ikampelekea Sayyid Said zawadi zake, mashua nzuri na silaha. Mwezi wa Agosti chombo kikang'oa nanga kurudi, na hakuna aliyeona amedharauliwa.

MIZINGA ISHIRINI NA MOJA

Miaka kumi baadaye mambo hayakwenda vizuri namna hiyo. Tarehe 4 Julai ndiyo sikukuu ya uhuru wa Marekani. Mwaka 1850 konseli wao wa Unguja, Charles Ward, alitaka bendera ya nchi yake ipigiwe mizinga 21 siku hiyo. Serikali ya Unguja haikupiga. Ward alikasirika, akafunga ofisi na kuondoka. Wengi walisema mkono wa konseli wa Uingereza ulikuwamo.

Mtu anaweza kusema, jamani, kelele za mizinga tu! Lakini kwa mataifa heshima ni kama salamu kijijini. Ukipita kwa jirani bila kusalimu siku moja, atasema labda hukumwona. Ukipita siku tatu, ana neno na wewe. Mwishoni mwa mwaka 1851 Marekani ilituma manowari iitwayo Susquehanna mpaka Unguja, kwenda kudai mizinga hiyo. Ikapigwa. Uhusiano ukarudi. Lakini ona jinsi ulivyorudi: mmoja alikuwa na manowari, mwenzake alikuwa nayo hofu.

Kisha Marekani ikaingia katika vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 mpaka 1865. Viwanda vilikosa pamba, na nguo ikawa haba. Nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi. Watu wakaendelea kuziita marekani hivyo hivyo. Ndiyo maana bibi yangu alivaa marekani ambayo huenda haikuijua Marekani kabisa.

MIAKA TULIYOKUWA HATUNA MJUMBE

Hapa nitapita upesi. Bara ilichukuliwa na Wajerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikawa chini ya Waingereza. Unguja iliwekwa chini ya Uingereza mwaka 1890. Sultani alibaki na kiti, lakini mambo ya nje hayakuwa tena yake. Aliyetaka kusema nasi alisema na Berlin au London. Nchi iliyotawaliwa haina balozi. Wenzako wanakuzungumzia mbele yako kama mtoto aliyekaa jamvini.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, na siku ile ile tukawa na haki ya kutuma na kupokea mabalozi. Marekani ilifungua ubalozi Dar es Salaam. Balozi wao wa kwanza, William Leonhart, alianza kazi mwaka 1962. Mwaka huo wa 1961 vijana wa Kimarekani wa Peace Corps walikuwa wameshafika kusaidia kupima na kujenga barabara. Julai 1963 Mwalimu Nyerere alikaribishwa Washington na Rais Kennedy.

Unguja hali ilikuwa nyingine. Marekani ilikuwa imejenga huko kituo cha kufuatilia vyombo vinavyozunguka angani. Kituo kilikuwa cha kazi hiyo, lakini watu wengi walikitilia mashaka. Walisema, hawa wameficha silaha humo. Unguja ikapata uhuru Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yakatokea. Marekani na Uingereza zilisita kuitambua serikali mpya ya Mzee Karume.

Kutambua ni nini? Ni nchi moja kuiambia nyingine, "Nakujua wewe kuwa ndiwe mwenye nyumba." Kama hujatambua, mjumbe wako anakaa pale kwa niaba gani? Mwakilishi wa Marekani, Frederick Picard, alitolewa Unguja mwezi ule ule wa Januari, tena kwa mtutu wa bunduki. Mwezi wa Februari ndipo Marekani ikaitambua serikali, na mwakilishi mpya akaja. Jina lake Frank Carlucci. Mwezi wa Aprili serikali ya Mzee Karume ikaitaka Marekani iondoe kituo chake cha anga, kikaondolewa. Tarehe 26 Aprili Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Mabalozi wakubwa wakabaki Dar es Salaam, na ofisi ya Carlucci ikawa ya ubalozi mdogo.

SIMU YA MWAKA 1965

Sasa tumefika penyewe.

Kwanza mjue hali ya hewa ya wakati ule. Jirani yetu Kongo alikuwa anaungua kwa vita, na Marekani ilikuwa na mkono wake humo. Kusini, Wareno walikuwa Msumbiji. Novemba 1964 serikali yetu ilitangaza kwamba zimepatikana barua zinazoonyesha njama za Wamarekani na Wareno za kuipindua Tanzania. Wamarekani walikana, wakasema barua ni za kughushi. Mwisho jambo lile likaachwa lipite. Lakini mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wananchi walikuwa wameandamana, hofu ilikuwa imeshaingia nyumbani.

Januari 1965 ulikuwa mwezi wa kutimiza mwaka mmoja wa Mapinduzi. Siku moja Carlucci alikuwa Unguja, akazungumza kwa simu na mwenzake wa ubalozi wa Dar es Salaam, Robert Gordon, aliyekuwa msaidizi mkuu wa balozi. Simu ile ilisikilizwa. Na ndani yake yalisikika maneno ya silaha.

Kwa maelezo ya Wamarekani wenyewe, mazungumzo yale yalihusu salamu za pongezi. Wawili hawa walitaka serikali yao ipeleke salamu kwa sikukuu ya Mapinduzi. Wakubwa Washington walikuwa wanasitasita. Basi wakaambiana kwamba wanahitaji hoja nzito za kuwashawishi wakubwa. Lakini hawakusema "hoja". Walisema kwa mafumbo ya Kiingereza chao, ambamo hoja nzito huitwa kwa majina ya silaha.

Aliyesikiliza upande wa pili alisikia silaha. Na sikukuu ya Mapinduzi ndiyo hiyo. Wewe ungefanyaje?

Tarehe 15 Januari serikali yetu iliwaamuru Gordon na Carlucci waondoke nchini, kwa kosa la kutaka kuihujumu. Walipewa saa 24. Marekani ilikana kabisa. Kisha nayo ikamfukuza ofisa mmoja wa ubalozi wetu Washington. Na sisi tukamwita nyumbani balozi wetu. Hivyo ndivyo mataifa yanavyokasirikiana, ngazi kwa ngazi: kwanza lawama, kisha kufukuza ofisa, kisha kumwita balozi, na ngazi ya mwisho ni kuvunja uhusiano.

Nani alikuwa na haki? Nimelifikiri jambo hili miaka mingi. Mimi naona maelezo ya ile simu yanaingia akilini, maana mtu anayepanga kweli kupindua serikali hataji silaha waziwazi katika simu. Hata hivyo siwalaumu waliosikiliza. Carlucci huyo huyo mwaka 1978 akawa naibu mkuu wa idara ya ujasusi ya Marekani, na baadaye, mwaka 1987, Waziri wa Ulinzi. Wapo waliosema, "Mnaona? Tulijua!" Lakini cheo cha mtu cha mwaka 1978 si ushahidi wa alichosema mwaka 1965. Na mwaka ule hakuna aliyejua atakuwa nani.

Ninachokitazama ni kingine. Kwanza, hakuna aliyeguswa kidole. Wajumbe wale waliambiwa waondoke, wakaondoka na familia zao wazima. Mjumbe hauawi. Mwaka mmoja nyuma Picard alitolewa kwa bunduki. Safari hii ilitumika barua. Pili, nchi changa, maskini, iliyokuwa na miaka mitatu tu ya uhuru, iliweza kumwambia mkubwa wa dunia, "Watu wako hawa siwataki," na mkubwa akawachukua. Kumbukeni mizinga ya mwaka 1851. Wakati ule ilikuja manowari. Mwaka 1965 haikuja.

Tatu, ile ngazi ya mwisho hatukuikanyaga. Uhusiano haukuvunjwa. Marekani ilileta balozi mwingine na mazungumzo yakaendelea. Mwaka huo huo wa 1965, tarehe 15 Desemba, Tanzania ilivunja kabisa uhusiano na Uingereza kwa sababu ya walowezi wa Rhodesia waliojitangazia uhuru wao peke yao. Ule ulikuwa ugomvi wa jambo kubwa, na tulikubali kupata hasara ya mkopo wa mamilioni kwa ajili yake. Uhusiano huo ulirudi mwaka 1968. Kuvunja kuna mahali pake. Ila neno lililosikika vibaya katika simu si mahali pake.

MLANGONI KWA MWENZIO

Baada ya hapo kulikuwa na kupanda na kushuka. Vijana wa Peace Corps waliondoka mwaka 1969, wakarudi mwaka 1979. Mwaka 1976 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Henry Kissinger, alikuja Dar es Salaam kuzungumza na Mwalimu juu ya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Agosti 1977 Mwalimu alikwenda Washington kwa Rais Carter.

Lakini tarehe 7 Agosti 1998 sitaipita upesi. Asubuhi, siku ya Ijumaa, lori lililojaa mabomu lililipuka kwenye lango la ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Karibu wakati ule ule lingine lililipuka Nairobi, na huko waliuawa zaidi ya watu 200. Dar es Salaam walikufa watu 11, na zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Waliofanya hivyo walikuwa watu wa kundi la Al-Qaeda, waliokuwa na vita na Marekani. Lakini katika wale 11 wa Dar es Salaam hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Walikuwa watu wa kwetu: walinzi wa lango na watu waliofika pale kutafuta riziki yao.

Nilikuwa bado kazini siku hiyo. Tulisikia redioni. Mama mmoja darasani aliuliza, "Ugomvi ule ulituhusu nini sisi?" Sikuwa na jibu. Jirani akipata mgeni, na adui wa mgeni akija usiku, mishale haiulizi nani ni mwenyeji. Marekani baadaye ilijenga ubalozi mpya Dar es Salaam, wenye kuta nene, uliofunguliwa mwaka 2003. Ukipita nje yake leo utaona ni ngome.

Tuje kwenye mambo ya karibu. Februari 2008 Rais Bush alikuja nchini, na pamoja na Rais Kikwete wakatia sahihi msaada wa dola milioni 698. Zilitengeneza barabara, kama ile ya Tunduma hadi Sumbawanga, na waya wa umeme uliopita chini ya bahari kwenda Unguja. Msaada wa pili, wa dola milioni 472, ulikuwa njiani. Machi 2016 Marekani ikauzuia. Sababu walizotoa ni uchaguzi wa Zanzibar uliofutwa na kurudiwa, pamoja na sheria ya makosa ya mtandao. Wengine hapa nchini walisema tumeonewa, wengine wakasema tumejitakia. Mimi nawaonyesha tu kwamba jambo linalosemwa na mabalozi chumbani linaweza kufika mpaka kwenye nguzo ya umeme ya kijiji.

Mzee wangu wa miwani, sijasahau swali lako. Balozi wa Marekani ana nyumba moja, Dar es Salaam. Anapofika, humpelekea Rais wetu barua kutoka kwa Rais wake, hizo ndizo hati za utambulisho. Na kabla hajatumwa, serikali yake inatuuliza kwanza kama tunamkubali. Na sisi tuna ubalozi wetu Washington, na balozi wetu huko alipelekwa kwa njia hiyo hiyo.

Na hili nalo mlichukue, maana mama mmoja hapa ana kijana anayesoma Marekani. Kijana akipoteza pasipoti, aende au apige simu ubalozi wetu. Akikamatwa na polisi, ana haki ya kuomba ubalozi wetu ujulishwe. Akifariki mtu wetu huko, ubalozi ndio unaosaidia na karatasi za kumrudisha. Hakuna haja ya cheo wala kujuana na mtu. Aseme tu kwamba yeye ni Mtanzania, na awe na kitu cha kuonyesha hivyo.

Haya, nani ana swali?